Jiko la Kasri Liko Wapi?

Nina tabia moja nikiingia katika nyumba ya kifalme iliyogeuzwa makumbusho: natafuta jiko. Kiti cha enzi nitakiona tu, maana kimewekwa kionekane. Picha za wakubwa zitanitazama kutoka ukutani, nitake nisitake. Jiko ndilo linaloniambia nyumba ilivyokuwa ikiishi: nani aliamka alfajiri kukoka moto, nani alichota maji, nani alikula mwanzo na nani aliambulia makombo, na hao waliopika walijinyoosha wapi usiku ulipoingia.

Katika Makumbusho ya Kasri pale ufukweni Mji Mkongwe, Zanzibar, njia anayopitishwa mgeni haianzii jikoni wala haiishii jikoni. Inaanzia kwenye mikataba. Ghorofa ya chini inasimulia miaka ya mwanzo ya usultani, na hapo utakutana na habari za makubaliano ya biashara ambayo Zanzibar ilitiliana na wakubwa wa dunia: Marekani 1833, Uingereza 1839, Ufaransa 1844, na miji ya Hansa ya Ujerumani 1859. Ukipanda ngazi unaingia zama za neema, zama za Seyyid Barghash, maji ya bomba na taa za umeme. Ukipanda tena unafika kwenye vyumba vya kulala vya Seyyid Khalifa bin Harub na wake zake wawili. Halafu unashuka, unatoka nje, upepo wa bahari unakupiga usoni, na unaona umemaliza.

Mimi sioni kama nimemaliza. Na nisieleweke vibaya: kasri hili nalipenda. Nimelipenda tangu utotoni, nilipokuwa nikilitazama kutoka baharini tukirudi na mashua, jeupe, paa lake limezungushiwa menomeno ya ngome. Kwa sababu nalipenda ndiyo maana nataka liseme zaidi ya linavyosema.

Tuanze na nyumba yenyewe. Jina lake la asili ni Beit al-Sahel, nyumba ya pwani. Kasri la kwanza mahali hapo lilijengwa kati ya 1827 na 1834, wakati Seyyid Said alipokuwa akiyahamishia makao yake Unguja kutoka Oman. Kando yake ikaja kusimama Beit al-Hukm, na mwaka 1883 Seyyid Barghash akaongeza Beit al-Ajaib, lile jumba la nguzo za chuma ambalo wageni wote hulipiga picha. Majumba haya yaliunganishwa kwa vivuko vya juu, ili wanawake wa kifalme wapite kutoka nyumba hii kwenda ile bila kukanyaga njia wala kuonwa na mpita njia.

Ila kasri unaloliingia leo silo lile la Seyyid Said. Lile lilipigwa mizinga likaanguka. Hili limejengwa baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, na kuanzia 1911 masultani wakalifanya makazi yao. Kwa hiyo mgeni anayesimama ghorofa ya chini akisoma habari za 1833, anazisoma ndani ya kuta ambazo hazikuwepo mwaka huo. Hilo si kosa la mtu. Lakini lingefaa liandikwe kwa herufi kubwa mlangoni, kwa sababu kuvunjwa kwa nyumba ile ndiyo habari kubwa kuliko zote ilizonazo. Nitalirudia.

Kwanza, jiko. Bahati yetu ni kwamba tunaye shahidi wa jiko lile la zamani, naye ana chumba chake humohumo kwenye makumbusho. Ni Seyyida Salme binti Said, binti wa Sultani, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mabinti walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Mwaka 1866 akatoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akabatizwa, akaolewa, akaitwa Emily Ruete. Mumewe akafa kwa ajali ya tramu Hamburg mwaka 1870, akamwachia watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 akatoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na ndani yake kuna maelezo ya ua wa Beit al-Sahel ambayo nikiyasoma husikia kelele zake masikioni.

Anauelezea ua mpana uliozungukwa na nguzo, na chini yake watu wasiohesabika. Kona moja wanyama wanachinjwa, wanachunwa na kukatwakatwa, kwa kuwa nyumba ilijitafutia nyama yake yenyewe. Kona nyingine watu wananyolewa vichwa. Wachota maji wamejilaza wakipumzika, wanaitwa hawasikii, mpaka aje msimamizi. Yaya wameketi na watoto wa kifalme wakiwahadithia. Na jiko liko hapohapo, karibu na nguzo mojawapo, moshi wake unapanda juu upendavyo, na wapishi wakuu wanagawa makofi kwa wale walio chini yao. Samaki walikuja wakubwa hata ikabidi wabebwe na watu wawili wawili, na wale wadogo wakaja kwa vikapu. Mchele na unga viliingia kwa magunia. Kila siku wachukuzi walishusha matunda mengi kutoka mashambani, na mashamba ya Seyyid Said yalikuwa 45.

Jiko hilo lilikuwa wazi, katikati ya nyumba, na kila aliyepanda ngazi alilipita. Utawala mzima ulikuwa ukilizunguka. Kama nyumba yenyewe ililiweka katikati, kwa nini sisi tulitie pembeni?

Naambiwa: vitu vya jikoni havidumu. Chungu huvunjika, mwiko huoza, kinu hupasuka, na hakuna aliyeviona vya thamani hata avifungie kabatini. Ni kweli. Hati iliyopigwa muhuri inaishi kuliko ungo. Lakini makumbusho si ghala la vitu vilivyosalia tu, ni mahali pa kusimulia, na masimulizi tunayo. Maneno ya Salme kuhusu ua ule yangetosha kujaza chumba kizima, yakaandikwa ukutani kwa Kiswahili kikubwa, na chini yake pakawekwa mafiga, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi na mitungi. Vitu hivi vyote vingali vikitumika Unguja na Pemba. Mtoto wa skuli angeviona akajua kwamba kasri halikuendeshwa na malaika.

Na Salme mwenyewe asomwe wote, si nusu. Chumbani mwake mgeni huguswa na habari ya mapenzi, uhamisho na upweke, na ni haki aguswe. Mwanamke yule aliteseka. Husimuliwa kwamba alipofariki mwaka 1924 alikutwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, akazikwa nacho Hamburg. Lakini mwanamke huyohuyo aliandika sura nzima kuutetea utumwa wa kwao, akiwaambia Wazungu wasiufananishe na ule wa Amerika. Aliandika hivyo ilhali mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa Kaukazi, aliyenyakuliwa utotoni na wapanda farasi waliowaua wazazi wake, akatenganishwa na ndugu zake na hatimaye akafika kwenye nyumba ya Seyyid Said kama suria.

Nimelifikiria sana jambo hili. Binti wa mtumwa anautetea utumwa, kwa lugha ya ugenini, akiwa amelipoteza kila kitu. Sidhani kama kuna chumba chochote katika makumbusho yoyote ya Afrika Mashariki chenye swali zito kuliko hilo. Ukimwonyesha Salme kama binti mfalme aliyependa, umemdogosha. Muonyeshe pamoja na sura ile, na mgeni atatoka ameduwaa, na hayo ndiyo matunda ya makumbusho.

Habari ya masuria haimhusu Salme peke yake. Watoto wote wa Seyyid Said waliomrithi alipofariki mwaka 1856 walizaliwa na masuria. Mke wake wa nikaha, Azza binti Seif, hakuacha mtoto. Maana yake Majid, Barghash, Khalifa bin Said na Ali, masultani wanne waliofuatana baada ya baba yao, wote walizaliwa na wanawake waliofika Unguja kwa kununuliwa au kutolewa zawadi. Mama yake Majid alikuwa Mcherkesi. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Salme anasema kwamba kule Mtoni, mbele ya baba yao kilisemwa Kiarabu tu, lakini akigeuza mgongo palisikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Picha za masultani zimepangwa kwa utaratibu wa baba na mwana. Ningependa upande wa pili wa ukuta uwe na orodha ya mama zao, na pale jina lisipojulikana, pabakie nafasi tupu yenye nchi aliyotoka.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kabla ya jua kuchwa Khalid bin Barghash alikwishaingia kasrini na kujitangaza sultani bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Wakampa muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Hakutoka. Dakika 2 baada ya muda kwisha, manowari za Kiingereza zilizopanga safu bandarini zikaanza kupiga. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa. Beit al-Hukm ikaporomoka, Beit al-Sahel ikaharibiwa vibaya, mnara wa saa ukaenda. Hata haijafika saa 4 kasoro robo, kwisha. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani na baadaye akapelekwa bara.

Vita hivi hutajwa duniani kote kwa sifa moja: kuwa vifupi kuliko vyote. Watalii hulisikia hilo wakacheka. Mimi nalichukia kicheko hicho. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa kasri. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Ndani ya majumba yale palikuwa na watu karibu 3,000, na si wote walikuwa askari. Palikuwa na raia waliookotwa mitaani wakapewa bunduki, na palikuwa na mamia ya watumishi na watumwa, wale wachota maji na wapishi, ambao hawakuulizwa kama wanamtaka Khalid au hawamtaki. Walijificha nyuma ya vizuizi vya masanduku, marobota na mpira. Dakika 40 zilitosha kuwamaliza. Ufupi wa vita hauna cha kuchekesha kwa aliyefukiwa na ukuta.

Kati ya kasri la leo na Beit al-Ajaib kuna bustani. Hapo ndipo Beit al-Hukm iliposimama. Watu wengi hupita hapo wakielekea Forodhani kula urojo na mishikaki, na sijawahi kumlaumu yeyote kwa hilo, mji lazima uishi. Ila pawe na jiwe lenye maandishi. Sentensi chache tu: palikuwa na nyumba, walikuwamo watu, wakafa asubuhi ile.

Mchana wa siku ileile Waingereza walimtawaza Hamoud bin Mohammed, na huyu ndiye aliyetia saini, tarehe 6 Aprili 1897, amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa tangu 1873 chini ya Barghash, tena kwa kulazimishwa, lakini kumiliki watu kuliendelea. Basi hapo historia inatupa jambo gumu kumeza: mizinga iliyowaua watumwa wa kasri ndiyo iliyomweka madarakani mtu aliyetia saini uhuru wa wenzao.

Na uhuru wenyewe haukuja kwa mkupuo. Amri ile haikusema kesho watu wote wako huru. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani akaombe, na kabla ya kupewa hati aonyeshe kuwa ana pa kukaa na njia ya kujilisha. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo hata kidogo. Wao ilibidi wangoje hadi 1909. Ukiijua habari hiyo, utaelewa kwa nini wengi walioachwa huru walivuka kijito wakaenda kujenga vibanda vya udongo na makuti Ng'ambo, na kwa nini wanawake waliivua kaniki, vazi lililowatambulisha kuwa ni watumwa, wakajifunga kanga za rangi. Babu na bibi za wengi wetu wametoka kwenye mvuko huo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ng'ambo. Aliishi karibu na kasri umri wake wote, na hakupenda kulizungumzia. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kama aliwahi kuingia. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tukipita ukutani." Hakuongeza neno. Shangazi yangu, ambaye yeye alikulia Shangani, humkumbuka Seyyid Khalifa kama mzee mpole aliyepita kwenye gari jekundu akipunga mkono, na watoto wakikimbia nyuma. Wanawake wawili wa familia moja, kasri moja, kumbukumbu mbili. Shangazi akisikia naandika mambo haya huniambia, "Mwanangu, usiyachokonoe yaliyokwishalala." Namjibu, "Shikamoo shangazi, hayajalala hayo, yamefungiwa tu." Hucheka, akanimiminia chai.

Hapo ndipo ninapofika ghorofa ya juu, na lazima nikiri kuwa ndiyo niipendayo kuliko zote. Seyyid Khalifa bin Harub alitawala kuanzia 1911 hadi 1960, karibu nusu karne, na vyumba vyake si vya mtu aliyeogelea katika dhahabu. Kuna vitanda vya kawaida, meza za kujipambia, makabati. Kuna samani za formaika, zile mbao zilizovikwa ngozi ngumu ya plastiki zilizokuwa fahari ya miaka ya 1950. Wageni kutoka Ulaya hushangaa, hata hukasirika kidogo, maana walikuja wakitaraji pembe za ndovu na hariri. Mimi hufurahi. Vyumba vya wake wawili havifanani, kila mmoja alikuwa na jicho lake la kuchagua, na ukisimama baina ya vyumba hivyo unajua kwamba hapa waliishi watu waliogombana juu ya mapazia. Sultani wa himaya ya Mwingereza alikuwa na heshima nyingi na madaraka machache, na formaika ile inalisema hilo kwa uwazi kuliko kitabu. Zama hizohizo mamlaka yalikuwa yamekwishahamia kwa Balozi Mkazi wa Kiingereza na afisi zake.

Kisha inakuja Januari 12, 1964. Seyyid Jamshid bin Abdullah, aliyekuwa ametawala miezi michache tu, akaondoka na jahazi la kifalme, akapita Mombasa bila kuruhusiwa kubaki, akafika Dar es Salaam, na kutoka hapo Uingereza. Kasri likachukuliwa na Serikali ya Mapinduzi, likapewa jina jipya la kusema ni kasri la wananchi, likawa afisi. Likakaa hivyo miaka 30. Mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho ya masultani wa Zanzibar.

Hiyo miaka 30 ndiyo inayonisumbua. Ni muda mrefu kuliko utawala wa sultani yeyote aliyekaa humo, ukimtoa Seyyid Khalifa. Watu walikwenda kazini katika vyumba vile, wakagonga taipu, wakanywa chai, wakasubiri mishahara, wakaogopa, wakatumaini. Zilikuwa zama za eka tatu tatu za ardhi walizogawiwa watu, za ujenzi wa majumba ya Michenzani, za kadi za chakula na foleni, na pia za watu waliokamatwa usiku wasirudi. Ukitazama kasri kama makazi ya masultani tu, miaka hiyo inakuwa kama haikupita. Kwa wengine Mapinduzi ni ukombozi na hawataki makumbusho yaonyeshe uzuri wowote wa masultani. Kwa wengine Mapinduzi ni msiba na hawataki yaonyeshe utumwa wowote. Kasri limewekwa katikati ya hao wawili na limechagua usalama: linaonyesha samani. Naelewa kwa nini. Lakini sasa ni zaidi ya miaka 60 tangu 1964, na nadhani tunaweza kuvumiliana zaidi ya hapo.

Niseme kidogo juu ya kuta, maana bila kuta mazungumzo yote haya ni hewa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba hufuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 3 hivi, ndiyo maana kumbi zetu ni ndefu na nyembamba. Matumbawe hunyonya unyevu, na chumvi ya bahari huingia nao. Chokaa inauacha unyevu utoke; saruji inaufungia ndani, ukuta ukaoza kwa ndani huku nje unang'ara. Nimeona nyumba nyingi zikiuawa kwa kupigwa plasta ya saruji na wenyewe waliodhani wanaziimarisha. Paa likivuja masika mbili tatu bila kuzibwa, boriti huanza kuliwa, na hapo tena ni hesabu ya muda.

Majumba yenye chuma ndani, kama Beit al-Ajaib, yana adui wa ziada: chuma kikipata kutu huvimba na kuyapasua mawe yaliyokizunguka. Beit al-Ajaib nayo ilikuwa makumbusho, ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, na ndani yake palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja, kilichoundwa upya ili mafundi wasisahau. Sehemu ya jumba hilo ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya matengenezo, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe wote ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini cheo hicho hakizibi paa.

Siku ile nilipoona picha za vumbi limefunika Forodhani, nililia. Na hasira yangu ilikuwa kwamba wafu wa majumba haya, kuanzia 1896 hadi hao wawili, mara zote ni watu wa kazi. Majina ya wenye nyumba tunayakariri tangu darasa la nne.

Kwa hivyo matengenezo ya kasri, yanapokuja, yawe ya aina mbili kwa pamoja. Mafundi chokaa waliobaki walipwe vizuri na wapewe vijana wa kuwafundisha, na kazi yao ifanyike mbele ya macho ya wageni, ukuta mmoja ukiachwa wazi mtu aone matumbawe, boriti na mikono. Na masimulizi nayo yatengenezwe. Pale Kilimani, katika Nyaraka za Taifa, kuna makaratasi ya zama za kuufuta utumwa. Zitolewe nakala chache, ziletwe kasrini, zipangwe mkabala na ile mikataba ya 1833 na 1839. Mkataba wa Marekani ulileta shuka za merikani kwa marobota, na shuka hizo zikitiwa nili zilikuwa kaniki. Mtu aone kwenye chumba kimoja karatasi iliyoingiza nguo na karatasi ya uhuru ya mwanamke aliyeivaa.

Kadhalika muziki. Taarabu ililelewa barazani kwa Barghash, ambaye inasimuliwa alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ala, na kwa miaka mingi iliimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya wakubwa. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, muuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Sauti yake ipo kwenye sahani za santuri. Sioni sababu ukumbi wa karamu wa kasri ukae kimya ilhali sauti hiyo ingeweza kupigwa humo kutwa.

Na ile miaka 30 ya afisi ipewe chumba. Hakihitaji samani za fahari: meza, taipu, rejista ya mahudhurio, picha za waliofanya kazi humo. Makarani na matarishi wa zama hizo wamo mitaani, Kikwajuni, Mwembetanga, Malindi, na wengine wamekwishazeeka sana. Aende mtu na kinasa sauti, akae nao barazani, awapigie shikamoo, awaulize ilikuwaje kupanda ngazi za Sultani asubuhi ukiwa na faili kwapani. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa nje wala mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Inahitaji ianze mwaka huu.